Geti la Simba Wawili

Maili Moja, Kibaha
18 Februari 2024

Dada Rahma,

Shikamoo. Kabla sijafika mbali nikuulize: simu unayo, mimi ninayo, na mtandao huko Kibuta upo ukipanda kile kichuguu nyuma ya mashine ya kusaga. Sasa hii habari ya "niandikie barua, Mwinshehe, barua ndefu" imetoka wapi? Mimi nimeishia kidato cha pili, dada, mara ya mwisho kushika kalamu nilikuwa naandika namba ya mtu kwenye kiganja. Lakini kwa vile ni wewe uliyenilea, nimenunua daftari zima. Didas amekubali kuzibeba barua kwenye kenta lake la mananasi, kwenda na kurudi. Ukisikia karatasi inanukia, ujue ni nanasi, usije ukanitafutia mchumba.

Kazi zinakwenda. Maili Moja nzima ukitaja grili za madirisha bila kunitaja mimi, watu wanakuuliza kama umelala vizuri. Juzi nimemaliza geti la mama mmoja huku, mwizi akaja, akalitazama, akakaa chini akalisifu, akaondoka zake. Bosi anasema mkono wangu umebarikiwa. Hajasema hivyo kwa mdomo, lakini namwona machoni.

Sasa mchongo wenyewe. Unamjua Mwinyijuma wa duka la vifaa vya ujenzi, yule ambaye siku nne yuko huku Kibaha na siku tatu yuko huko kwenu. Amekuja karakana, akapita mbele ya bosi, akanifuata mimi. Anagombea kamati ya shule yenu, anataka uenyekiti, na ameniagiza geti la shule. Futi kumi na mbili, dada! Simba wawili wamesimama wanatazamana, na juu yao maandishi ya chuma: KWA HISANI YA MWINYIJUMA. Simba wa kwanza nimeshamkata. Anafanana kidogo na marehemu mjomba, lakini ni mkali.

Siwema wako yuko darasa la tatu, kwa hiyo mkutano wa wazazi ukifika utapiga kura. Ngoja nikufundishe kuchagua. Tafuta mtu mwenye gari, mwenye sauti, na aliyeshiba. Mwenye njaa ukimpa kamati atakula hata chaki. Mwinyijuma anavyo vyote vitatu. Akishinda yeye, jina la mdogo wako litasimama mlangoni mwa elimu, maana nitaliweka pembeni kwa maandishi madogo: FUNDI NI MWINSHEHE.

Msalimie Siwema.

Ni mimi mdogo wako,
Mwinshehe, fundi mkuu (bosi hajui)


Kibuta, Kisarawe
3 Machi 2024

Mdogo wangu Mwinshehe,

Marahaba. Barua imefika, imesomwa, imechekwa, ikasomwa tena. Endelea kuandika. Nina maombi mawili na usiniulize sababu. Andika kwa herufi zilizoachana, acha kuunganisha kama daktari. Na niandikie mambo yako ya kila siku, watu, chuma, moto, maneno yako hayohayo ya kihuni, yasiyopatikana kwenye kitabu chochote.

Kuhusu geti. Mwinshehe, shule yetu haina ukuta. Haina hata michongoma. Simba wako watatazamana katikati ya uwanja, na mbuzi watawapita kulia na kushoto.

Darasa la tatu liliezuliwa paa mwezi wa kumi na mbili. Mpaka leo wamechanganywa na la nne, watoto mia na arobaini na mmoja chumba kimoja. Siwema anakaa nyuma kabisa. Amefika darasa la tatu na kusoma hajui. Mwaka jana kila jioni tulikaa na daftari, mimi nafoka, yeye analia, mwisho nalia na mimi. Kura yangu iko hapo, kwa Siwema. Atakayeniambia huyu mtoto atasomaje, huyo ndiye wangu, hata kama gari lake ni miguu.

Mgombea mwingine yupo. Ni Kabula, mke wa yule mfugaji Msukuma wa bondeni.

Dada yako,
Rahma


Maili Moja, Kibaha
10 Machi 2024

Dada Rahma,

Shikamoo. Herufi nimeziachanisha. Zimeachana kama mtu na mkewe wa zamani. Kumbe barua zangu zinasomwa mara mbilimbili! Nilijua. Hata walimu walikuwa wanasema Mwinshehe ana kipaji, sema kimekaa vibaya.

Lakini dada, nimekisoma kile kijistari chako cha mwisho nikazima mashine. Kabula? Kabula huyu mtani wetu, wa dumu la maziwa? Dada, mwaka juzi nilipokuja Idd alinisimamisha njiani, akanipa simu nimsomee meseji ya mwanawe. Nikamsomea. Nikamwongezea na salamu ambazo hazikuwemo, akafurahi akanipa maziwa ya bure. Sasa huyo ndiye mwenyekiti? Kamati ni vikao, ni muhtasari, ni mhuri. Yeye atasaini na nini, na kwato?

Halafu watani zetu hawa ukiwauliza habari yoyote wanakujibu kwa ng'ombe. "Habari za asubuhi?" "Ng'ombe wameamka." "Pole na msiba." "Hata sisi ndama amekufa." Akiwa mwenyekiti watoto wenu watapigwa chapa kwenye paja, halafu utaniambia Mwinshehe hakusema.

Kazi: simba wa pili ananisumbua. Nimekata mara tatu, kila nikimaliza anatoka na tumbo. Bosi amemwangalia akasema, "Huyu si Mwinyijuma mwenyewe?" Nimemgeuzia ukutani.

Ramadhani njema. Mimi nitafunga, ingawa moto wa kuchomelea na kiu ni ndugu wa baba mmoja.

Mwinshehe


Kibuta, Kisarawe
7 Aprili 2024

Mwinshehe,

Marahaba, na Idd njema ikifika. Ile ya kwato tumeicheka sana.

Nataka nikusimulie jambo, na usome bila mdomo wako kukutangulia.

Kabula anapeleka maziwa kwa walimu kila asubuhi. Wakati wanamimina na kumrudishia dumu, yeye husimama dirishani kwa darasa la Siwema. Mimi nilidhani anapumzika. Mwanzoni mwa Desemba alinifuata hapa nyumbani nikitwanga kisamvu. Akasema, "Mama Siwema, usimfokee mtoto. Siyo mjinga."

Nikamwambia, "Umejuaje kama namfokea?"

"Naona macho yake asubuhi. Na shingo. Mwalimu akiandika ubaoni, wenzake wanatazama mbele, yeye anageuza shingo upande wa kushoto, anamtazama jirani yake ameandika nini. Nina ndama alikuwa anageuza hivyo hivyo. Jicho bovu, mama. Mwanao haoni ubao."

Miaka mitatu, Mwinshehe. Mimi niliyemzaa sikuona. Mwezi uliopita ndiyo nilipata nauli nikampeleka hospitali Kisarawe, akapimwa, akapewa miwani. Siku ya kwanza kuivaa alisimama uani akasema, "Mama, kumbe majani ya mkorosho yapo mojamoja!" Hivi sasa amehamishiwa dawati la mbele na anasoma silabi. Anasoma hadi mifuko ya chumvi.

Nikaanza kumchunguza Kabula. Kumbe watoto wanne walioacha kuja shule mwaka jana, alikwenda nyumbani kwao wote wanne kwa miguu, hakutumwa na mtu. Wawili wamerudi. Anawajua wale watoto mia na arobaini na mmoja kwa jina na kwa mwendo. Nilimuuliza anawezaje. Akasema, "Ng'ombe wangu ni zaidi."

Sasa kuna tatizo. Utaratibu tuliosomewa unasema mjumbe wa kamati lazima ajue kusoma na kuandika. Mkutano ni Jumamosi ya tarehe 25 Mei, na watu wa Mwinyijuma wanatembea wakisema Kabula atakatwa hapohapo mbele ya watu. Akikatwa, kilichobaki ni geti.

Wewe unasemaje?

Rahma


Maili Moja, Kibaha
21 Aprili 2024

Dada Rahma,

Shikamoo. Habari ya Siwema nimeisoma nimesimama, nikakaa. Nimemtengenezea kisanduku cha bati cha kuwekea miwani, Didas ataleta pamoja na hii. Kina kufuli. Hata mwizi wangu yule atakisifu.

Umeniuliza nasemaje. Nasema hivi: kuona ndama ni kazi nzuri, na kusoma ni kazi nyingine. Mtu mzima kujifunza kusoma ni kama kumfundisha bosi wangu kulipia chai, umri umeshapita. Kwa hiyo mimi Mwinshehe, fundi, mwenye akili timamu, natoa ahadi. Huyo mama wa ng'ombe akisoma sentensi moja tu mbele ya mkutano, nitabeba dawati kichwani, kwa miguu, kutoka Kisarawe mjini mpaka Kibuta. Na nikifika nitasema moo mara tatu. Iandike ukutani.

Sasa hili linalofuata ni lako peke yako, dada, usimsomee mtu.

Hujawahi kuniuliza vizuri kwa nini niliacha shule. Mimi husema niliifuata hela. Uongo. Kidato cha pili nilikuwa nakaa nyuma, nikawa sielewi, nikaona aibu kuuliza. Nikatega wiki mbili. Nilikuwa nakaa kwa fundi baiskeli. Nikarudi siku ya kumi na tano na uongo wangu tayari mdomoni, kwamba niliugua. Nilikuwa nimeupanga vizuri, na kikohozi juu. Hakuna aliyeniuliza. Mwalimu alipita, wenzangu walipita, kiti changu alikuwa anakalia mwingine. Nikasimama pale mlangoni na kikohozi changu. Nikaona kumbe niwepo nisiwepo ni vilevile. Sikurudi tena.

Basi. Nimesema. Ulivyoniandikia habari ya wale watoto wanne, usingizi haukuja.

Simba wa pili amekaa sawa. Tumbo nimelikata.

Mwinshehe


Kibuta, Kisarawe
26 Mei 2024

Mdogo wangu,

Nianze na kuomba radhi, maana barua yako ya tarehe 21 Aprili haikufunguliwa na mimi.

Mvua ilikata barabara, kama ulivyosikia. Kenta la Didas lilikaa mwezi mzima bila kupita. Jana asubuhi ndiyo amefika, sisi tuko mkutanoni uwanjani, akaja moja kwa moja na bahasha mkononi na kisanduku kwapani, tope mpaka kiunoni.

Lakini nirudi nyuma. Mwalimu mkuu alisoma utaratibu. Akasimama Mudathir, mpiga debe wa Mwinyijuma, akasema, "Basi mama Kabula akae chini tuendelee, jua linapanda." Watu wakaguna. Kabula akasema, "Nipeni kitu nisome."

Wakampa kitabu cha darasa la pili. Akasoma ukurasa mzima, kidole kikifuata maneno kama mtu anayefuata nyayo za ng'ombe aliyepotea. Mudathir akaruka: "Amekariri! Hicho kitabu anakisikia dirishani kila siku ya Mungu!"

Na Mwinshehe, hapo alisema kweli. Hiyo ndiyo shida tuliyoijua tangu Desemba, nilipoanza kumfundisha. Vitabu vyote vya watoto alikuwa anavijua kwa masikio. Ukimfungulia ukurasa, ulimi unakwenda wenyewe, macho hayana kazi. Tulihitaji maandishi ambayo hajawahi kuyasikia popote. Nikafikiri, nani duniani anaongea maneno yasiyo kwenye kitabu? Ndiyo maana nikakuomba barua. Umekuwa mwalimu wa Kabula tangu Februari. Ile ya kwato aliisoma siku tatu, neno kwa neno. Alipofika mwisho alicheka mpaka akamwaga maziwa, akasema, "Huyu mtani nitamkomesha."

Basi Didas yuko pale na bahasha imefungwa kwa gundi. Nikanyanyuka nikasema, "Mwalimu, barua hii imetoka Kibaha sasa hivi. Mimi mwenye barua sijaifungua. Asome hiyo." Mwinyijuma mwenyewe akasema, "Hapo ni haki." Mwalimu mkuu akachana bahasha mbele ya watu.

Alisoma polepole. Salamu. Kisanduku. Watu wakamtazama Siwema, akajificha nyuma yangu. Bosi na chai, wakaanza kucheka. Halafu akafika kwenye ahadi yako. "Huyo... mama... wa ng'ombe." Akainua macho, akawatazama watu, akarudi kwenye karatasi, akakanyaga kila neno mpaka kwenye moo ya tatu. Mwinshehe, nilidhani mkorosho wa uwanjani utaanguka kwa kicheko. Wazee walikaa chini. Mudathir naye alicheka, akajifanya anakohoa.

Akaendelea: "Sasa hili... linalofuata... ni lako peke yako, dada..." Akanyamaza. Mdomo umefungwa lakini macho yanatembea. Yalishuka mstari, yakashuka tena, mpaka chini kabisa. Watu wakaanza, "Soma! Neno limemshinda!" Yeye akaikunja karatasi mara nne, akaja akaniwekea mkononi, akasema, "Haya mengine ni ya nduguye."

Hakukuwa na mtu tena wa kumuuliza kama anajua kusoma. Asiyejua kusoma angejuaje pa kunyamazia?

Tukapanga mistari nyuma ya wagombea. Wa Mwinyijuma ulikuwa mrefu, nisiseme uongo, jezi za timu alizogawa zina watu wake. Wa Kabula ulizunguka mkorosho ukafika barabarani.

Nyumbani nikaisoma na mimi. Ile ya chini. Nilikuwa nakutumia nauli kila mwezi, Mwinshehe, na sikuwahi kukuuliza. Nisamehe.

Mwinyijuma ametuma neno: "Mwambieni fundi chuma ni cha shule, akikate anavyotaka. Ila asikate wale simba mbele yangu."

Ndani nimeweka karatasi nyingine. Sijaigusa hata nukta.

Dada yako,
Rahma


Kibuta
26 Mei 2024

Kwa mtani wangu Mwinshehe,

Hujambo. Mimi ni Kabula. Hii ni barua yangu ya kwanza. Nimeanza asubuhi, sasa ni saa tisa.

Sina hasira na wewe. Mtani hakasiriki. Ng'ombe wameamka.

Umenifundisha kusoma. Asante. Umenifundisha na matusi.

Zile salamu za mwanangu ulizoongeza kwenye simu, nilijua. Mwanangu hasemi "mama mpenzi". Maziwa nilikupa kwa sababu ulitaka nifurahi.

Nilisoma ile ya chini kwa macho tu. Sikumwambia mtu. Nakuuliza wewe. Siku ulipoacha shule, nani alikuja kukuuliza? Mimi ningekuja.

Nasubiri dawati.

Kabula
Mwenyekiti


Maili Moja, Kibaha
2 Juni 2024

Mama Kabula,

Shikamoo. Neno hilo ulikuwa unanidai tangu mwaka juzi.

Barua yako imenifikia karakana. Nilianza kuisoma kwa sauti ili bosi asikie jinsi ninavyoandikiwa na wenyeviti. Nikafika kwenye swali lako, na mimi nikaisoma kwa macho tu. Bosi akauliza, "Neno limekushinda?" Nikamwambia moshi wa mashine. Mashine ilikuwa imezimwa.

Jibu ni hakuna. Hakuja mtu. Sasa nimeshaulizwa, basi, hesabu imefungwa.

Sasa sikiliza, mtani, maana sijaacha kujisifu, nisije nikaugua. Geti nimelikata. Simba wa kwanza ametoa miguu ya madawati mawili, wa pili ametoa matatu kwa sababu ya lile tumbo. Zile herufi za KWA HISANI YA MWINYIJUMA nimezikatakata zote zimekuwa vishikizo vya mbao, ila nimebakiza M moja nikaipachika chini ya dawati la mbele, pasipoonekana. Mwinyijuma atadhani ni yake. Mimi ninajua ni ya nani. Mbao anatoa yeye, nisimnyime sifa, alikuja mwenyewe kuzichagua na hakuuliza jina lake litakaa wapi.

Manne yanakuja kwa Didas. La tano ninalibeba mwenyewe, kichwani, kama nilivyoahidi. Bosi alisema niongee na wewe unisamehe nusu ya njia. Nikamwambia humjui huyo mama, yeye alikwenda nyumba nne kwa miguu na hakuna aliyempa hata jezi.

Mwambie dada Rahma kwamba kosa si lake na aache kulia, nauli zake nilizila maandazi. Na mwambie Siwema dawati hili nimelichonga fupi, la mstari wa mbele. Ila darasa lina mstari wa nyuma pia, mama mwenyekiti, kila siku geuza shingo na huko.

Jumamosi ijayo nitaanza Kisarawe mjini asubuhi, jua likichomoza. Koo nimeshalifanyia mazoezi, moo zote tatu zipo, watoto wa Maili Moja wananikimbia. Natarajia kufika kwenu adhuhuri.

Ukiona imepita na sijatokea, njoo uniulize.

Ni mimi mtani wako,
Mwinshehe